SIKIO KABLA YA ULIMI
Somo juu ya kutamka herufi na njia ya kuzifundisha

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusema na sikio la kusikia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, somo letu hili ni juu ya matamko ya herufi: vipi mtu hujifunza sauti ambayo lugha ya mama yake haina, na vipi yampasa mwalimu kumfundisha. Jambo hili latuhusu sote kila siku mara tano. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, kuisoma Fatiha ni nguzo katika nguzo za Sala. Na herufi za Kiarabu ambazo Kiswahili hakina sauti yake ni saba: haa ya kooni (ح), aini (ع), swadi (ص), dhadi (ض), twaa (ط), dhaa (ظ) na qafu (ق). Zote hizi zimo ndani ya Fatiha, ila dhaa peke yake. Basi hakuna Mswahili awezaye kusema kuwa elimu hii ni ya masheikh tu, na yeye haimhusu.

Katika jambo hili watu wetu ni namna mbili. Wa kwanza ni yule asemaye, "Mungu ajua nia yangu," kisha akaacha kujifunza naye ana uwezo na ana mwalimu jirani. Huyu hana udhuru, na wanavyuoni wamekwisha kumjibu. Wa pili ni mtu mzima apendaye kujifunza kwa moyo wake wote, lakini amekwisha kuambiwa kuwa ulimi wake umekuwa mgumu, na kuwa mambo haya ni ya watoto. Basi hukaa safu ya nyuma, husoma kwa sauti asiyoisikia mtu, na huona haya kumuuliza hata mjukuu wake. Huyu wa pili ndiye tuliyemkusudia zaidi kwa maneno haya, pamoja na mwalimu wake. Nasi twataka kumbainishia kuwa ulimi wake hauna ila. Kilichobaki bila kufunzwa ni sikio lake, na sikio lafunzika.

MLANGO WA KWANZA: Wanavyuoni wa zamani walioichungua sauti

Usidhani kuwa uchunguzi wa matamko ni jambo la juzi. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyekuwa mtu wa kabila la Azd la Oman na aliyesomesha Basra katika karne ya pili ya Hijra, alipotaka kukusanya maneno ya Kiarabu katika kitabu kimoja, hakuyapanga kwa alifu, bee, tee. Aliyapanga kwa mahali herufi zitokeapo, akianza kooni na kuishia midomoni; na kwa kuwa alianza na aini, kitabu chake kikaitwa Kitabu cha Aini. Na njia yake ya kujua mahali pa herufi ilikuwa nyepesi, hata mtoto aiweza: aliitia hamza yenye irabu mbele, kisha akaisimamisha herufi kwa sukuni, akasema ab, at, agh, akatazama sauti yakatika wapi. Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Sema ab, utaona midomo imekutana. Sema at, utaona ncha ya ulimi imepanda nyuma ya meno ya juu.

Mwanafunzi wake Sibawayh, naye asili yake ni Mwajemi, alizihesabu pahala zitokapo herufi, yaani makharij, akazifanya 16. Tazama hapo ajabu: mtu aliyekuwa mkubwa wa nahau ya Kiarabu, lugha ya wazee wake haikuwa Kiarabu. Baada yake alikuja Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 392 wa Hijra, naye akaifananisha koo na filimbi: mpiga filimbi huondoa kidole hapa na kukiweka pale, na kwa pumzi ile ile ikatoka sauti nyingine. Naye Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 428 wa Hijra, aliandika risala nzima juu ya sababu za kupatikana herufi, akaeleza humo viungo vya koo na ulimi kama aelezavyo mganga.

Kisha akaja Ibn al-Jazari, aliyefariki Shiraz mwaka 833 wa Hijra (1429), naye ndiye ambaye waalimu wetu wa tajwidi humrejea hata leo. Yeye alizihesabu makharij kuwa 17, katika sehemu tano: uwazi wa kinywa na koo, koo yenyewe, ulimi, midomo, na tundu za pua. Naye juu ya elimu yake yote hakusema kuwa mtu ataipata tajwidi kwa kukariri hesabu hiyo. Alisema kuwa njia yake ni kuuzoeza ulimi, na kulirudia tena na tena tamko lililopokewa kinywani mwa mwenye kulitamka vizuri. Liweke neno hili moyoni, kwani uchunguzi wa zama zetu umekuja kulithibitisha, na kutwambia pia kwa nini ni kweli.

MLANGO WA PILI: Sikio hufunga milango yake mapema

Fikiri neno paa. Kwetu sisi watu wa pwani, paa la nyumba ni neno moja, na paa wa mwituni ni neno jingine. Yule wa mwituni humtamka kwa mpumuo, pumzi ikatoka midomoni baada ya p. Na lile la nyumba hulitamka bila ya mpumuo huo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Hapana aliyetufundisha jambo hili chuoni wala skuli. Tumelinyonya na maziwa. Lakini mgeni aliyejifunza Kiswahili bara au ng'ambo, ukimtamkia maneno haya mawili, atakwambia, "Umesema neno moja mara mbili." Hakudanganyi. Masikio yake ni mazima, na sauti imefika. Illa akili yake imezitia sauti zote mbili katika kikapu kimoja, kwa kuwa lugha yake haikumtaka azitenge.

Na hivi ndivyo ilivyo hali yetu sisi mbele ya qafu na kafu, na mbele ya haa ya kooni na hee ya kifuani. Mwarabu asikiapo قلب (moyo) na كلب (mbwa), husikia maneno mawili yaliyo mbali kama paa na paa yalivyo mbali kwetu. Mswahili asiyefunzwa husikia "kalbu" na "kalbu".

Wachunguzi wametafuta ni lini sikio la mtoto hufunga milango hii. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenziwe huko Marekani walionyesha kuwa mtoto mchanga wa mwezi mmoja hutofautisha ba na pa, naye hajatamka hata neno moja. Walijuaje? Walimpa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na chombo cha kuhesabu. Mtoto akisikia sauti ile ile kwa muda mrefu huchoka na kupunguza kunyonya, na ikigeuka sauti akaitambua, hunyonya kwa nguvu mpya. Kisha mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, waliwajaribu watoto wa nyumba zinazosema Kiingereza kwa t mbili za Kihindi, moja ya menoni na moja ya ulimi uliokunjwa nyuma. Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitenga sauti hizo. Waliofika miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuweza tena.

Basi jua ya kuwa mtoto huzaliwa na sikio lililo wazi kwa lugha zote, na kabla hajatimiza mwaka huanza kulikusanya sikio lake katika lugha ya nyumbani kwao. Jambo hili ni neema, kwani kwa hilo huweza kumwelewa mama yake upesi. Lakini lina gharama yake, nasi twailipa tunapokaa mbele ya msahafu.

MLANGO WA TATU: Herufi iliyo karibu ndiyo yenye hatari

Huenda mtu akadhani kuwa herufi ngumu kuliko zote ni ile iliyo mbali kabisa na lugha yetu. Mambo si hivyo siku zote. James Flege, mchunguzi wa Marekani, mwaka 1987 aliwapima watu wenye kusema Kiingereza waliokaa sana na Kifaransa. Kifaransa kina irabu moja iliyo karibu na u ya Kiingereza, na irabu nyingine ambayo Kiingereza hakina mfano wake. Wazoefu wao waliitamka ile ngeni karibu na watamkavyo Wafaransa wenyewe. Na ile iliyofanana na yao ndiyo iliyowashinda, wakabaki na ya kwao. Sababu yake ni kuwa kitu kigeni hukuamsha, nawe hukitengenezea mahali pake. Ama kile kinachofanana na chako, wakipitisha mlango wa zamani bila kukitazama uso.

Sasa jitazame wewe. Aini ni ngeni mno, na kwa hivyo mwanafunzi mwenye bidii huishika baada ya taabu, kwani kila mara aionapo hujua kuwa hapa pana kazi. Lakini haa ya kooni humpita kimya kimya, kwa kuwa akiiona husema hee, na moyo wake ukatulia. Swadi huifanya sini, na twaa huifanya tee, naye hajui kama amebadilisha kitu.

Na jambo lililotuzidishia mtihani huu ni wingi wa maneno ya Kiarabu katika lugha yetu. Tumelichukua قلم tukalifanya kalamu. وقت tukalifanya wakati. عقل tukalifanya akili. صابون tukalifanya sabuni. طبيب tukalifanya tabibu. Hata neno lenyewe "sahihi", kwa Kiarabu lina swadi mwanzoni na haa ya kooni mara mbili, nasi hatukuibakiza hata moja katika hizo. Wala hatusemi kuwa haya ni makosa. Kiswahili ni lugha kamili yenye kanuni zake, na mwenye kusema "qalam" katikati ya maneno ya Kiswahili hajawa fasihi zaidi kuliko mwenye kusema "kalamu". Lakini mtu akiyakuta maneno haya katika kisomo chake, ulimi hukimbilia ile njia aliyoizoea sokoni na nyumbani. Basi mwalimu mwenye hekima huyaangalia maneno haya ya jamaa kuliko yale ya ugeni.

Tena tusisahau kumshukuru Mola wetu kwa tulichonacho. Sisi watu wa pwani tunayo thee katika thelathini, tunayo dhali katika dhahabu, tunayo ghaini katika ghali. Sauti hizi huwapa taabu watu wengi duniani. Na katika mazungumzo ya kila siku ya Kairo, thee hugeuka tee au sini, na dhali hugeuka dali au zee. Ama dhadi, hiyo hata miongoni mwa Waarabu wenyewe matamko yake yamehitalifiana, na Sibawayh tangu zama zake ametaja dhadi dhaifu ya watu ambao ndimi zao hazikuiweza. Kwa hivyo asijione mtu kuwa yeye peke yake ndiye aliyebaki nyuma.

MLANGO WA NNE: Je, mtu mzima aweza?

Akiuliza mtu: "Ikiwa sikio limefunga milango yake kabla ya mwaka wa kwanza, nami sasa nina miaka hamsini, je, si kweli kuwa samaki hukunjwa angali mbichi?"

Tutamjibu: Mithali hii ni ya kweli, na mtoto ana wepesi ambao mtu mzima hana. Lakini mithali yatwambia lililo jepesi; haisemi kuwa zaidi ya hilo haliwezekani. Na dalili ya hayo ni watu wa Japani. Kijapani hakina tofauti ya r na l, na Wajapani wengi wazima wasikiapo maneno mawili ya Kiingereza yasiyotengwa ila kwa herufi hizo husikia neno moja. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni, huko Marekani, waliwafunza Wajapani wazima kwa muda wa majuma matatu, katika vikao 15. Kazi yao haikuwa kutamka. Walisikilizishwa maneno yaliyosomwa na watu mbalimbali, wakachagua ni r au ni l, na kila mara wakaambiwa kama wamepata au wamekosa. Kabla ya mafunzo walipata kadiri ya 78 katika kila 100; baada yake walipata kadiri ya 86.

Hapa pana mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, walifunzwa kwa sauti nyingi. Wachunguzi hao walipofunza watu wengine kwa sauti ya msomaji mmoja tu, mwaka 1993, watu hao walipata faida kwa msomaji yule, lakini walipoletewa msomaji mgeni faida ile haikuonekana. La pili, faida ilibaki. Waliorudishwa kujaribiwa baada ya miezi kadha walikuwa bado nayo. La tatu ndilo kubwa kuliko yote: mwaka 1997 Ann Bradlow na wenziwe walionyesha kuwa Wajapani waliofunzwa kusikiliza tu, ndimi zao nazo zilitengenea, wakawa wanazitamka r na l vizuri zaidi, wala hakuna aliyewafundisha kutamka. Sikio lilipofunguka, ulimi uliifuata njia.

Kwa hivyo, ewe ndugu yangu mwenye miaka hamsini, mlango haukupigwa kufuli, umeegemezwa tu. Hatukwambii kuwa utasoma kama msomaji mkubwa wa Misri. Twakwambia kuwa kesho waweza kuwa bora kuliko leo, na hilo ndilo unaloulizwa. Na katika hadithi iliyo sahihi imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, kuwa mwenye kuisoma Qurani kwa kubabaika na kuona uzito ana ujira mara mbili. Basi taabu yako haikupotea.

MLANGO WA TANO: Njia ya kufundisha

Katika vyuo vyetu mtoto huanza na alifu kwa kijiti, kisha huunganisha herufi kwa irabu, kisha huingia juzuu, na watoto husoma pamoja kwa sauti moja. Njia hii imetoa mahafidhi na maulamaa, wala hatuji kuibomoa. Lakini ina tundu moja: watoto thelathini wakisoma pamoja, mwalimu husikia sauti ya jumla, naye mwenye kosa hujificha ndani ya sauti za wenziwe kama tone katika mtungi. Basi twapendekeza mambo haya sita, na hata mtu mzima aweza kuyafuata pamoja na mwalimu wake.

Kwanza: mwalimu aanze na sikio. Kabla hajamwambia mwanafunzi, "Sema," amwambie, "Sikiliza." Achukue maneno mawili yenye kutengwa na herufi moja, ayatamke moja moja bila mpango, na mwanafunzi aonyeshe kwa kidole ni lipi. Maneno ya kufaa ni kama haya: قلب moyo na كلب mbwa, طين udongo na تين tini, سيف upanga na صيف kiangazi, عليم mjuzi na أليم chenye kuumiza. Na mfano ulio mzito kuliko yote: ضلّ maana yake amepotea, na دلّ maana yake ameonyesha njia. Tazama herufi moja inavyomgeuza kiongozi akawa mpotevu. Mwanafunzi asipolijua la kulia na la kushoto kwa sikio, asilazimishwe kwanza kulitamka.

Pili: kila jibu lifuatwe na neno la mwalimu, "Ndilo" au "Silo", papo hapo. Kazuya Saito na Roy Lyster, katika uchunguzi walioutoa mwaka 2012, waliwatazama Wajapani waliofundishwa r ya Kiingereza. Waliokuwa wakisahihishwa na mwalimu walipokosea matamko yao yalitengenea, na waliopata masomo yale yale bila ya kusahihishwa hawakutengenea kama wao. Kosa lililonyamaziwa huota mizizi.

Tatu: baada ya sikio ndipo kije kiungo. Hapa tumia njia ya al-Khalil. Sema ak, ujue shina la ulimi limegusa wapi. Kisha sema aq, ulirudishe nyuma zaidi mpaka karibu na kilimi. Sema ah ya pumzi itokayo chini kabisa ya koo. Kisha ipandishe katikati ya koo na uibane, upate haa, kama mtu apulizaye kioo apate kukipangusa. Ama twaa na tee, hizo mahali pake ni pamoja, ncha ya ulimi na mashina ya meno ya juu. Zatengwa kwa sifa, kwani kwa twaa nyuma ya ulimi huinuka kuelekea kaakaa, sauti ikawa nene. Vivyo hivyo swadi na sini. Kwa hivyo mwanafunzi ajue mahali pa herufi na sifa yake pia. Kimoja bila cha pili hakitoshi.

Nne: herufi moja kwa wakati mmoja. Usimsahihishe mtu makosa saba katika aya moja, kwani atatoka hana hata moja. Juma hili liwe la qafu. Makosa mengine yaandikwe pembeni yangoje zamu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano: asikie wasomaji wengi. Zamani jambo hili lilikuwa gumu, na msafiri ilimpasa apande jahazi. Tangu mwaka 1961, Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri aliposajiliwa sauti yake kwa Qurani nzima kwa kisomo cha murattal, mambo yamekuwa mepesi, na leo mtu aweza kuwasikia al-Husary, al-Minshawi na wengineo nyumbani kwake. Sikiliza aya moja fupi kwa wasomaji watatu au wanne, na kila mara itafute herufi yako ya juma. Lakini jua kuwa mashine husema, wala haisikii kama asikiavyo mwalimu aliyekaa mbele yako akikutazama kinywa. Ndiyo maana elimu hii tangu asili yake imepokewa mdomo kwa mdomo.

Sita: mwalimu mwenye wanafunzi wengi awape dakika chache mmoja mmoja, hata kama ni aya moja tu kila siku, awasikie peke yao. Wale waliokwisha kusahihishwa wawasikilize wenzao. Kwa kumsahihisha mwenzio, sikio lako mwenyewe hunoleka.

MLANGO WA SITA: Kosa lipi ni kosa?

Wanavyuoni wa tajwidi wameyagawa makosa mafungu mawili. Liko kosa la dhahiri, nalo ni kubadilisha herufi kwa herufi au irabu kwa irabu, kama kuifanya qafu kuwa kafu. Na liko kosa la siri, lisilojulikana ila na wenye fani, kama kupunguza ghuna au kutoutimiza urefu wa madda. La kwanza ndilo la kushughulikia mbele, na mwenye uwezo wa kuliondoa hana ruhusa kuliacha. Ama aliyejitahidi kwa kadiri ya uwezo wake na ulimi wake ukashindwa, huyo ni mwenye udhuru, wala Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza.

Na ugawaji huu wafanana na waliyoyaona wachunguzi wa zama hizi. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, huko Kanada, walionyesha kuwa lafudhi ya kigeni ni jambo moja, na kufahamika ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na lafudhi nzito, na kila neno lake likafahamika sawasawa. Basi Mswahili asomaye kila herufi kwa haki yake, na bado sauti yake ikajulikana kuwa ni ya mtu wa Lamu au wa Unguja, hakupungukiwa na kitu. Kinachotakiwa ni herufi. Hakuna aliyetakiwa ajifanye ametoka nchi nyingine. Na mwenye kuikaza aini mpaka mishipa ikamtoka shingoni, apate kusifiwa kuwa ni Mwarabu, huyo ameliacha jambo akashika kivuli chake.

Limebaki neno moja kwa waalimu na kwa wenye kukaa barazani. Mtoto aliyepigwa kwa kuchanganya haa na hee amepigwa kwa sauti asiyoisikia, kama aliyepigwa kwa kutokuona usiku wa giza. Fimbo haikumwonyesha tofauti. Imemfundisha kuogopa, na mwenye kuogopa husoma chini kwa chini, na asomaye chini kwa chini hasahihishiki. Na mzee aliyechekwa msikitini hatarudi kuuliza tena, hata akiishi miaka ishirini. Dhambi ya kisomo chake hapo si yake peke yake.

KHATIMA

Kwa muhtasari, ndugu msomaji: tusilaumu ulimi kwa kazi ya sikio. Sikio hujifunga mapema kwa neema ya lugha ya mama, na hufunguka tena kwa kusikiliza wengi, kwa kuambiwa ndilo na silo, na kwa kukariri. Herufi iliyo karibu na yetu ndiyo ya kuangaliwa sana. Na mlango wa mtu mzima umeegemezwa, haukufungwa.

Basi tafuta mwalimu mmoja mpole, hata akiwa ni kijana kuliko wewe, kwani elimu haina utoto wala uzee. Kaa mbele yake baada ya Sala ya Alfajiri au baada ya Isha, robo saa tu, na anza na Fatiha. Mwombe akutamkie "qalb" na "kalb" mpaka uzitenge kwa kusikia. Kisha ndipo umwombe akutazame kinywa. Na wewe uliyekwisha kujaaliwa kisomo kizuri, mtazame jirani yako wa safu ya nyuma. Mkaribishe kwa upole, wala usingoje akuombe, kwani haya yake yamzuia.

Mwenyezi Mungu azifungue sikio zetu na azilainishe ndimi zetu, awarehemu waalimu wetu waliotangulia, na atujaalie sisi na ninyi katika wenye kuisoma Qurani kwa haki yake. Amin.